Mdogo wangu ameambiwa atibiwe sonona kwa sumaku kichwani. Tukubali?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni dada mkubwa katika familia yetu, naishi Tanga. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34, yuko Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita, anafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo. Tangu mwaka juzi amebadilika. Haongei, hali vizuri, anasema mwili mzito na kichwa kinawaka moto. Wamempa dawa ya kwanza, ya pili, sasa yuko kwenye ya tatu. Juzi daktari wake kamwambia kuna tiba ya sumaku: atakuwa anakaa kwenye kiti, kichwa kinagongwagongwa, mara 36. Mama amekataa katakata. Anasema kaka yake, marehemu mjomba wetu, alipigwa umeme kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili miaka ya sabini, akarudi nyumbani hajui hata majina ya wanawe. Naomba kujua: huu ni umeme ule ule? Unafuta kumbukumbu? Unaponya kweli au ni biashara ya Wamarekani? Na sisi tulio huku mbali tunaweza kumsaidia nini zaidi ya dua?"

Marahaba, dada yangu, na shikamoo yangu umfikishie mama.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu wengi hawaliulizi, na kwa mdogo wako lina uzito kuliko yote. Ninyi mlio Tanga mnayo historia. Daktari wa Columbus ana mashine, ana vipimo, ana watu wa kuandikiana barua na bima, lakini hakumwona kijana huyu akiwa na miaka mitatu. Mama alimwona. Kwa hiyo kabla hamjaendelea kubishana akubali au akatae, kaa na mama umwulize jambo moja: utotoni mwanawe aliwahi kupata degedege? Kwa nini nauliza, nitaeleza mbele.

Sasa hofu yenyewe. Mama hakosei kuogopa. Tiba ya umeme ilianza Roma mwaka 1938, mikononi mwa Ugo Cerletti na Lucio Bini, na kwa miaka mingi sehemu nyingi ilitolewa bila dawa ya usingizi, mgonjwa akishikiliwa huku na huku mwili ukitukutika. Ndugu aliyeyaona hayo hayasahau. Umeme ule hupitishwa kichwani kwa makusudi ili mgonjwa apate kifafa cha muda mfupi. Kifafa chenyewe ndicho tiba. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza na misuli yake hulegezwa, hata mtu aliye pembeni huona kidole cha mguu tu kikitikisika. Na hapa nitasema jambo ambalo mama hatalipenda: kwa sonona kali kabisa, ya mtu aliyeacha kula na kunywa, au anayesikia sauti zikimwambia hastahili kuishi, tiba hiyo ya umeme bado haijapata mshindani. Gharama yake ni kumbukumbu. Wapo wanaopoteza matukio ya wiki au miezi iliyoizunguka tiba, na wachache wanapoteza zaidi. Mjomba wenu huenda alikuwa mmoja wao.

Alichoambiwa mdogo wako ni kitu kingine. Halazwi usingizi, hapati kifafa; kikitokea, ni ajali. Anakaa macho, anaweza kuongea na mhudumu vikipita vipindi vya mapumziko, kisha ananyanyuka na kuendesha gari kurudi kwake. Kumbukumbu za wagonjwa zimepimwa mara nyingi kabla na baada ya tiba hii, na haijaonekana kuzifuta. Hilo mwambie mama bila kusitasita.

Inafanyaje kazi? Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba sumaku inayobadilikabadilika huzaa umeme kwenye waya ulio jirani nayo, bila kuugusa. Ile dinamo ya baiskeli, inayowasha taa ukikanyaga pedali, ni ugunduzi huo huo uliofungwa kwenye gurudumu. Ubongo nao una nyaya zake, kwa maana seli za neva hupelekeana habari kwa umeme. Ukitaka kuzigusa kwa umeme wa moja kwa moja kutoka nje, fuvu linakuzuia. Umeme unapita kwa shida, unauma, unasambaa. Sumaku hailioni fuvu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, waliweka koili, yaani waya uliozungushwa mviringo, juu ya kichwa cha mtu aliye macho, wakapitisha mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi mno, na mkono wa yule mtu ukaruka wenyewe. Tiba yote ya leo imetokana na mruko ule.

Nguvu ya sumaku hiyo hufikia kiasi cha tesla 1.5 hadi 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), inakaribiana na ile ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ila hapa kila pigo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na linagusa eneo dogo, kina cha sentimita 2 au 3 kutoka juu ya kichwa. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Nilipokuwa masomoni niliomba niwekewe koili mimi mwenyewe, maana sipendi kumshauri mtu jambo ambalo sijui linavyohisi. Wakagonga mara moja, na kidole gumba changu cha kulia kikachupa bila ruhusa yangu. Nilicheka, lakini ni kicheko cha woga.

Kidole gumba hicho si mchezo, ndicho kipimo. Siku ya kwanza wataalamu hutafuta nguvu ndogo kabisa inayoweza kukirusha kidole mara 5 katika mapigo 10. Kila mtu ana kiwango chake. Wakishakipata, husogeza koili mbele, upande wa kushoto, juu ya paji la uso kidogo, na kwa kawaida hutibu kwa asilimia 120 ya kiwango kile. Kwa nini pale? Kwa watu wengi wenye sonona sehemu hiyo ya mbele huonekana imezubaa, na sehemu nyingine iliyo ndani zaidi, inayohusika na huzuni, imechachamaa. Ya mbele ndiyo inayopaswa kuituliza ya ndani. Kuigonga maelfu ya mara ni kama kumwamsha mzee wa nyumba aliyesinzia kibarazani wakati watoto wanavunja vyombo. Huo ni mfano wangu wa kijiweni, na wataalamu bado wanabishana juu ya nini hasa hubadilika katika mawasiliano ya seli. Wanachokubaliana ni kwamba pigo moja halifanyi kitu cha kudumu, ila mapigo yakirudiwarudiwa siku kwa siku huacha alama.

Kiti chenyewe kinafanana na cha daktari wa meno. Mgonjwa huvua hereni, miwani, pini za nywele, huweka simu na kadi za benki pembeni, huziba masikio kwa vizibo, kwa sababu koili ina kelele. Wagonjwa wengi huifananisha na kigogota, na kweli, fikiria kigogota ameamua kwamba kichwa chako ni mnazi. Katika mpango wa zamani unaotumika sana, hugonga mapigo 40 ndani ya sekunde 4, hupumzika sekunde 26, hurudia, hadi yatimie mapigo 3,000 kwa dakika 37 na nusu. Siku 5 kwa wiki, wiki 6, hapo ni vikao 30. Kisha 6 vya kupunguza taratibu katika wiki 3. Ndiyo hiyo 36 aliyotajiwa. Siku hizi kuna mtindo wa kugonga kwa mafungu ya haraka unaochukua dakika 3 tu. Watafiti wa Kanada waliilinganisha mitindo hiyo miwili kwa wagonjwa 414 na mwaka 2018 wakatangaza kwamba wa dakika 3 haukuzidiwa. Aulize kliniki yake inatumia upi; kwa mtu wa zamu ya usiku, tofauti ya nusu saa kila siku si ndogo.

Maumivu? Siku za mwanzo ngozi ya kichwa huuma pale panapogongwa, wengine huumwa kichwa, nyusi au taya huchezacheza. Kwa wengi hupungua baada ya wiki ya kwanza, na paracetamol inatosha. Wachache sana huacha tiba kwa sababu hiyo.

Sasa lile swali gumu: inaponya? Inasaidia wengi, haiwaponyi wote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipitisha kwa sonona mwezi Oktoba 2008, kwa watu wazima ambao dawa haikuwasaidia. Jaribio kubwa lililofuata, lililolipiwa na serikali yao na kutangazwa mwaka 2010, lilikuwa na wagonjwa 190. Nusu waligongwa kweli, nusu waliwekewa koili ya bandia inayotoa kelele na kuchoma ngozi ile ile. Waliopona kabisa dalili baada ya wiki 3 walikuwa asilimia 14 kwa ya kweli na 5 kwa ya bandia. Ni kidogo, sikatai. Ila kumbuka hawa ni watu ambao dawa zilikuwa zimewashinda, na wiki 3 ni nusu ya muda unaotolewa leo. Katika kliniki za kawaida, ambako hakuna koili ya bandia na wagonjwa humaliza wiki zote 6, takwimu za Marekani za mwaka 2012 kutoka kliniki 42 zilionyesha zaidi ya nusu wakipata nafuu kubwa, na kama theluthi wakipona dalili.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote kwa hali ya mdogo wako ni wa Uholanzi, wa mwaka 2024, ingawa ni mdogo, wagonjwa 89. Ulichukua watu waliokwisha kushindwa na dawa angalau mbili, ukawagawa: hawa wabadilishiwe dawa kwa mara nyingine, hawa waende kwenye sumaku, na wote waendelee na mazungumzo ya ushauri nasaha. Waliopona dalili kwa sumaku walikuwa asilimia 27. Waliobadilishiwa dawa, asilimia 5. Hiyo ndiyo njia panda aliyosimama mdogo wako. Inajulikana tangu utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006 kwamba dawa ya kwanza huwaponya dalili kama theluthi moja ya wagonjwa, lakini kufika dawa ya tatu na ya nne bahati hiyo hushuka hadi asilimia 13 au 14. Wapo waliozikosoa takwimu hizo wakasema hata hizo ni za kupendelea. Kwa hiyo daktari wake hakurukia sumaku kwa tamaa. Kwa mtu aliye kwenye dawa ya tatu, ni pendekezo linaloeleweka.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya maveterani wa jeshi la Marekani, watu 164, wengi wakiwa na majeraha ya vita akilini na historia ya ulevi. Waliogongwa kweli, asilimia 41 walipona dalili. Waliogongwa bandia, 37. Hakuna tofauti ya maana! Nilipousoma mara ya kwanza nilinuna. Baadaye nikaanza kuutazama kwa jicho jingine: hata koili ya bandia iliwaponya watu waliokuwa wamekata tamaa. Ni nini kilichowaponya? Kila siku ya kazi, mtu anaamka, anaoga, anatoka nyumbani, anakutana na mhudumu yule yule anayemwita kwa jina na kumwuliza amelalaje. Kijana anayefanya kazi usiku na kulala mchana katika mji ambao hakuna anayembishia hodi, hicho pekee ni dawa. Sisemi sumaku ni kiini macho, maana tafiti nyingi zinaonyesha inaizidi bandia. Nasema asiende pale kama anayepeleka gari gereji. Aende kama anayeanza kurudi kwa watu.

Kuhusu biashara: ndiyo, ipo. Tiba nzima hugharimu maelfu ya dola, na kuna kliniki zilizofunguliwa kwa ajili ya koili tu, ambazo kila anayeingia mlangoni huambiwa koili inamfaa. Alama ya kliniki nzuri ni kwamba humkataa mtu. Ukisikia kwamba asilimia 90 hupona, ujue inakotoka: Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu mtindo wa vikao 10 kwa siku kwa siku 5, na mwaka 2020 kikatangaza kwamba watu 19 kati ya 21 walipona dalili. Jaribio lao lililofuata, lenye kundi la bandia, lilikuwa na watu 29 tu, na waliopona dalili walikuwa asilimia 79 kwa ya kweli na 13 kwa ya bandia. Matokeo mazuri mno, na mtindo huo ulipitishwa mwaka 2022, lakini watu 29 hawajazi hata daladala mbili. Tusubiri. Mtindo wa wiki 6 umeshapitia maelfu ya watu.

Bima yake itataka uthibitisho kwamba dawa zilitumika kwa kipimo cha kutosha na kwa wiki za kutosha kabla haijalipa. Hapa watu wengi hukwama, na mara nyingi kosa ni la kumbukumbu: hawakumbuki jina la dawa wala tarehe. Mwambie akusanye risiti na chupa zote. Na ajibu kwa ukweli kama alikuwa akizimeza kila siku au alikuwa akiruka. Dawa iliyomezwa siku mbili kwa wiki haijashindwa, haijajaribiwa.

Turudi kwa mama na degedege.

Hatari kubwa ya tiba hii, ile inayofanya wahudumu wakae na mgonjwa bila kutoka chumbani, ni kifafa. Ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja kati ya elfu, na kikitokea huwa kifupi na hakiachi ugonjwa. Lakini bahati mbaya hiyo haigawanywi sawa. Mwenye kifafa, aliyewahi kuumia ubongo, mlevi aliyeacha pombe ghafla, asiyelala, wote wako karibu zaidi na ukingo. Daktari wa Ohio atauliza, "Umewahi kupata kifafa?" na kijana atajibu hapana, kwa sababu hajui. Huko kwetu mtoto alipata homa kali, akakakamaa, macho yakapinduka, bibi akasema ni degedege, akafukizwa, baadaye ndipo akapelekwa hospitali. Miaka 30 baadaye hakuna anayeliita hilo kifafa. Degedege la homa ya kawaida, lililokuja mara moja likapita, aghalabu halina madhara. Lakini malaria iliyopanda kichwani, ya mtoto kupoteza fahamu siku nzima au zaidi, inaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na baadhi ya watoto hao hupata kifafa baadaye. Daktari aliyesomea mahali pasipo na malaria si wa kulaumiwa kwa kutokuuliza. Anayejua ni mama, na kama kadi ya kliniki ya utotoni bado ipo ndani ya kasha la nguo, itafuteni.

Mwulize mama pia kuhusu ajali. Aliwahi kuanguka mnazini au kwenye bodaboda akazimia? Ana chuma chochote mwilini? Chuma cha pajani au mkononi si tatizo. Chuma cha kichwani au karibu na kichwa ndicho kinachotisha: klipu ya mshipa wa ubongo, kipande cha risasi, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio. Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo lazima kitajwe. Meno yaliyozibwa hayana neno.

Jambo la pili ambalo familia hulijua kuliko daktari: je, kabla ya sonona hii kulikuwa na kipindi cha kinyume chake? Siku ambazo alilala saa mbili tu usiku na hakuchoka, akiongea bila kituo, akigawa fedha, akipanga kufungua biashara tano kwa mpigo, watu wakasema fulani amechangamka? Je, mjomba yenu alikuwaje kabla hajalazwa? Kama kuna dalili hiyo, huenda ugonjwa si sonona ya kawaida bali bipola, na tiba yoyote inayopandisha moyo, dawa au sumaku, inaweza kumrusha mtu hadi upande wa pili. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hazitaji siku zile, kwa sababu kwake zilikuwa siku nzuri.

La tatu ni lugha. Mdogo wako anasema mwili mzito na kichwa kuwaka moto. Sisi tunamwelewa. Lakini karatasi ya maswali 9 anayojazishwa, inayompa alama kutoka 0 hadi 27, inauliza habari za huzuni na kukosa hamu, na mwanamume wa pwani anaweza kuandika 0 kwenye huzuni kwa sababu hajalia. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinapaswa kumpatia mkalimani bila malipo. Aombe wa Kiswahili, hata kama Kiingereza chake cha kazini kinatosha. Kiingereza cha ghalani hakitoshi kueleza moyo. Na ahakikishe wamempima tezi ya shingo na upungufu wa damu, maana hivyo navyo hufanya mwili mzito.

Zamu ya usiku ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko yote. Mtu aliyekesha, akanywa makopo matatu ya vinywaji vya kuongeza nguvu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kiti saa mbili asubuhi, amejiongezea hatari ya kifafa bila sababu. Apangiwe kikao mchana, baada ya kulala. Siku asiyolala kabisa, aseme. Watapunguza au kuahirisha, hawatamfukuza. Ataje kila kitu anachokunywa na kumeza, pamoja na pombe, na hasa kama moja ya dawa zake ni bupropioni, au kama anatumia tramadoli kwa maumivu ya mgongo, kwa maana zote mbili husogeza mtu karibu na kifafa. Asiziache mwenyewe. Kwa kawaida dawa za sonona huendelea sambamba na sumaku bila kubadilishwa katikati.

Kuhusu kazi: sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi hadi wiki 12 za ruhusa ya ugonjwa kwa mwaka, bila mshahara, na anaweza kuzichukua kwa vipande, hata saa mbili za leo na mbili za kesho, bila kupoteza kazi. Masharti ni kwamba awe amemaliza mwaka kwa mwajiri huyo, amefanya saa 1,250 katika miezi 12, na kampuni iwe na watu 50 au zaidi. Daktari hujaza fomu. Nimeona watu wakikatisha tiba wiki ya tatu kwa kuogopa msimamizi wa zamu, na wiki ya tatu ndipo wengine huanza tu kuona mwanga. Nafuu haiji kwa kishindo. Mara nyingi anayeiona wa kwanza ni mtu mwingine: sauti kwenye simu inakuwa na uhai kidogo, anauliza bei ya dagaa.

Ramadhani ikiangukia katikati, hakuna sindano wala kinachoingia tumboni, kwa hiyo kwa upande wangu kiti si tatizo. Hukumu ya kifiqhi mwulizeni sheikh wenu. Mimi ninachotazama ni usingizi wa daku na saa za kumeza dawa. Na kama mama anataka kumsomea, amsomee. Kisomo na koili havigombani. Kinachogombana na tiba ni kuambiwa aiache.

Sumaku hii pia imepitishwa Marekani kwa ugonjwa wa kurudiarudia mawazo na matendo usiyoyataka, mwaka 2018, na kusaidia wavutaji kuacha sigara, mwaka 2020. Nalitaja hilo kwa sababu moja tu: usije ukaambiwa na mtu hapo Tanga kwamba yeye naye ana "tiba ya sumaku". Bangili za sumaku, kofia za sumaku, na zile mashine ndogo ambazo unashika kifimbo mkononi halafu kompyuta inakuambia ini lako lina sumu na unauziwa makopo ya virutubisho, havihusiani hata chembe. Sumaku isiyobadilika haizai umeme. Faraday alilimaliza hilo karibu miaka 200 iliyopita. Mashine halisi zenyewe kwetu bado ni za kuhesabu, hazipo hospitali za wilaya, kwa hiyo kumrudisha mdogo wako nyumbani ili atibiwe hivi huku si shauri jema. Kule tayari ana daktari na bima.

Jambo moja halingoji wiki 6. Ukimsikia akisema ni bora asingekuwepo, au akigawa vitu vyake, au akiaga, usimsubirishe kwenye foleni ya koili. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Akiwa Marekani anaweza kupiga au kutuma ujumbe kwa namba 988 saa yoyote. Hali kama hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Ungeniuliza kama angekuwa mdogo wangu: baada ya dawa tatu alizotumia ipasavyo, kama hana kifafa wala chuma kichwani, na kama bipola imeulizwa na kuondolewa, ningemwambia akubali. Siyo kwa sababu ana uhakika wa kupona. Kati ya njia alizobakiwa nazo, hii ina nafasi nzuri kuliko dawa ya nne, na haimchukulii kumbukumbu. Akimaliza na ikamsaidia, wengi hubaki vizuri kwa mwaka au zaidi, na wanaorudi chini hurudia vikao vichache. Isipomsaidia, bado tiba nyingine zipo, na ile ya umeme inayomtisha mama ni mojawapo.

Zungumza na mama leo. Andika majibu yake kwenye karatasi, hasa umri wa degedege na ilichukua muda gani, kisha mtumie picha ya karatasi hiyo ampelekee daktari. Usimpigie asubuhi yenu wala alasiri, maana Columbus wako nyuma yetu kwa saa 7, saa 8 wakati wa baridi yao, na huo ndio muda ambao yuko zamu au ametoka zamu analala. Mpigie saa 4 usiku. Kwake itakuwa alasiri, ameshaamka.